Ukuta wa Chumba cha Kizuka

Wapangaji wangu hapa Lindi wananiita Bi Gonga, na wanadhani sijui. Masika yakiisha tu, kabla mtu hajaanika godoro lake juani, mimi nimeshaingia na kanga yangu kiunoni, navuta makabati, nasogeza vitanda, nagonga kuta kwa kifundo cha kidole, naanzia chini napanda juu. Kijana mmoja wa chumba cha tatu, mwalimu wa shule, aliniambia mwaka huu, "Mama, nyumba yenyewe ya tofali za saruji, unagonga nini?" Nikamwambia anipishe. Wengine hunitupia ile methali ya ufa na ukuta, kwa kunifurahisha, kama vile nimeitunga mimi. Ufa hauna neno. Ufa mtu anauona, anauziba, yamekwisha. Kinachonitia mashaka ni ukuta usio na ufa, uliopakwa chokaa ukapendeza, ambao kila apitaye anausifu. Ukuta wa namna hiyo ndio ulionifundisha kazi hii, na ulinifundisha kwa mwili wa mtu mwingine.

Wiki iliyopita nimetoka Kiranjeranje, kwenye msiba wa Bi Pili. Habari nilipigiwa simu na mtu wa Kivinje, asubuhi, nikiwa nachambua mchele. Nilikaa na ungo mapajani mpaka jua likanifikia miguuni. Kutoka Lindi kwenda Kilwa lazima upite Kiranjeranje. Basi husimama pale, watu wananunua machungwa na korosho dirishani, kisha safari inaendelea. Nimepita pale miaka thelathini na zaidi, kwenda harusini, kwenda mazikoni, kwenda kuwaona wajukuu. Nilikuwa najua kwamba ukishuka, ukauliza nyumba ya Mwajuma binti Athumani, bintiye Bi Pili, mtoto yeyote angekupeleka. Sikushuka hata mara moja. Nilikuwa nanunua machungwa, nalipa, naangalia upande wa pili wa barabara.

Mwaka wa ukuta ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilikuwa msimamizi wa nyumba ya mjomba wangu Bakari pale Kilwa Kivinje. Ilikuwaje nikawa msimamizi ni habari ndefu ya ukoo na haina utamu, naiacha. Mjomba mwenyewe alikaa Masoko na duka lake. Nyumba ilikuwa ya mtindo wa kwetu: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, nyuma uani penye jiko na choo. Kuta zake zilikuwa za miti na fito, katikati pakashindiliwa mawe na udongo, juu zikapigwa chokaa. Mimi nilikuwa nalala chumba cha kwanza kushoto. Wapangaji walikuwa watano, na wa chumba cha mwisho kulia, kinachopakana na uani, walikuwa Mzee Athumani, fundi baiskeli, na mkewe Bi Pili. Mzee Athumani alifariki masika ya mwaka ule, akazikwa, na Bi Pili akaingia eda, miezi minne na siku kumi. Siku ya saba baada ya mazishi, mvua ikaja.

Tulizoea mvua, lakini ile haikuwa masika ya kawaida. Ilikuja na upepo, siku nne, mchana na usiku hazitofautiani. Mabati ya upande wa nyuma yote yaling'oka, mengine tukayakuta kwa jirani wa tatu. Jiko la uani likalala chini. Maji yakawa yanaingia kwa juu, yanashuka ndani ya kuta. Mtu asiyejua nyumba za udongo hudhani jua likishatoka mambo yamekwisha. Hayajaisha. Maji yanabaki ndani, udongo unakuwa uji, unateremka polepole na kurundikana chini, mti unaoza, na ile ngozi ya chokaa ya nje inabaki imesimama peke yake, nyeupe, nzuri. Mvua ilipokatika wapangaji wawili walihama siku ile ile. Waliobaki tukawa tunapika pamoja ukumbini, chungu kimoja, ugali wa muhogo na kisamvu, siku tukipata kitu basi na samaki wa kukaanga. Ukumbi wote ulinuka moshi na godoro bichi. Nikikumbuka sasa, na Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Nilikuwa msichana mwenye funguo za nyumba nzima kiunoni na kazi kubwa mbele yake.

Mjomba alikuja kutazama uharibifu, akazunguka na mwavuli wake, akasema maneno ambayo nililala nayo miezi miwili. Alisema, "Nitamtafuta mwanamume wa kusimamia mafundi. Msichana watamchezea." Nikamwambia anipe mpaka kabla ya mwezi wa nane. Alicheka, lakini alikubali. Akanipa fundi mmoja, Fundi Anselmi, Mmakonde wa Newala, mtu mzima, Mkristo, mwenye kikohozi kirefu na maneno machache. Ilikuwa amalize kwetu kabla ya kurudi kwao kwenye mikorosho yake. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa chumba changu, akaugonga kwa kifundo, akasikiliza, akagonga tena chini zaidi. Kisha akachukua sururu akaupiga pale pale nilipopaona pazima kabisa. Udongo ukamwagika kama uji. "Fundi wa kutazama kwa macho," alisema, "huyo ni mpaka rangi tu." Akanishika mkono akanigongesha: mahali pazima palitoa mlio mzito, palipooza palilia kama kibuyu. Baada ya siku tatu nilikuwa naujua ule mlio kama ninavyojua sauti ya mtu.

Tulikwenda chumba kwa chumba. Mpangaji anatolewa ukumbini na vitu vyake, tunaweka nguzo za kushikilia paa, tunabomoa, tunaweka miti mipya, tunashindilia mawe na kukandika, tunaacha pakauke, ndipo chokaa. Chumba kimoja kilituchukua siku kumi, na kingine zaidi. Chumba cha Bi Pili tulikiacha mwisho, na kila mtu alijua kwa nini, wala hapakuwa na haja ya kusema. Yule alikuwa kizuka, mjane aliye edani. Alikaa mle ndani na nguo zake nyeupe, hatoki ila kwenda uani wakati hakuna mwanamume, haonekani na asiye maharimu yake. Paa lake tuliliziba mapema, kwa juu. Nilifunga kanga nne pembe kwa pembe chini ya boriti, yeye akakaa chini yake, na Fundi Anselmi kabla ya kukanyaga ngazi alikuwa anapiga hodi. Hodi ya juu ya paa, sijaisikia tena tangu siku hiyo. Bi Pili alikuwa anaitikia kwa sauti ndogo, "Karibu, fundi," kisha ananitazama tunacheka, mikono mdomoni.

Lakini ukuta ni jambo lingine. Ukuta wake wa nyuma, kwa nje, ulikuwa umeshikana na banda la jirani, hapapiti hata paka. Kuugonga ilikuwa lazima mtu aingie ndani. Fundi Anselmi aliniita uani, wakati ule anakula. "Mimi siwezi kuingia mle," alisema. "Yule mama yuko kwenye ibada yake. Ingia wewe. Vuta kabati, gonga chini, gonga nyuma ya kitanda. Uje uniambie."

Huko nyuma kidogo kulikuwa na mambo yaliyokwisha kusemwa, na mimi niliyasikia. Wifi yake Bi Pili, dada wa marehemu, alikuja kutoka Kinjumbi na shoga yake kuleta unga na nazi. Walipotoka kumsalimu kizuka walikaa barazani wanasubiri gari la Masoko, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nafagia. Wifi alisema, "Nyumba nzima wanahamishwahamishwa kama kuku. Sasa subiri, na huyu atatolewa. Akivunja eda ya kaka yangu, tutajua alikuwa na haraka." Shoga yake akaguna. "Haraka ya nini, kwa umri ule?" "Umri hauzuii," alisema wifi. Sikumwambia Bi Pili. Ila kuta zile, hata zikiwa nzima, hazikuzuia maneno, na dirisha lake la juu lilipakana na ukumbi. Siku ile hakula chakula chake cha jioni. Nilikuta wali wote kwenye sahani, umefunikwa vizuri.

Basi niliingia. Nakikumbuka kile chumba kuliko chumba chochote nilichowahi kulala. Kitanda cha kamba kilichosogezwa ukutani, mkeka, mtungi wa maji, kabati la mbao la milango miwili, juu ya kabati sanduku la nguo za marehemu na pampu yake ya baiskeli. Dirisha dogo la uani. Harufu ya udi haikuwepo, kizuka hafukizi. Palinuka maji na sabuni ya kipande. Nilivuta kabati. Nilipiga magoti nikagonga. Kwa chini, kutoka pembeni mpaka usawa wa mto wa kitanda, ukuta wote ulilia kibuyu. Niligonga tena, nikitumaini nimekosea. Bi Pili alikuwa amekaa kitandani, miguu ameikunja, ananitazama.

"Ukuta umeliaje?" aliuliza.

"Si kitu, Bi Pili."

"Nimeolewa na fundi miaka ishirini na sita, Somoe. Baiskeli mbovu naijua kwa mlio, sembuse ukuta?"

Akashuka kitandani, akakaa chini karibu yangu, akanishika mkono, ule ule niliogongea. "Wakijua, watanitoa."

"Kuna chumba cha mbele, Bi Pili. Kimeshakauka. Siku kumi tu."

"Chumba cha mbele si cha mume wangu. Humu ndimo alimokata roho. Nitoke humu nipite ukumbini na godoro kichwani, wanaume wananitazama, na habari zifike Kinjumbi kabla sijatandika?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nimebakiza siku hamsini na tatu. Ukuta huu umesimama tangu hatujazaliwa. Utashindwa siku hamsini na tatu? Nikitoka eda, kesho yake bomoeni, hata mimi nitawabebea udongo. Waambie mzima, mwanangu. Nakuomba."

Nilirudisha kabati mahali pake. Uani Fundi Anselmi alikuwa hajamaliza kula. "Vipi?" "Mzima," nilisema. "Umegonga chini?" "Nimegonga." "Nyuma ya kabati?" "Hata nyuma ya kabati." Alinitazama na tonge mkononi, kisha akatikisa kichwa cha kukubali. "Haya. Wewe ndiye uliyeingia." Akaendelea kula. Yalikuwa mepesi hivyo. Nimewahi kusema uongo mkubwa kwa sababu ndogo, na uongo mdogo kwa sababu kubwa, kama watu wote. Ule sijui niuweke wapi.

Miaka mingi nilijiambia nilifanya kwa huruma. Na huruma ilikuwepo, siikani. Mkono wake ulikuwa umenishika na ulikuwa wa baridi. Lakini nimeshakuwa mtu mzima, sina sababu ya kujidanganya. Huruma ile ilinifaa. Jiko la uani lilikuwa bado kujengwa, na kubomoa chumba kile kungesogeza kazi mbele, mwezi wa nane ungetukuta, Fundi Anselmi angekwenda zake kwenye mikorosho, na Mjomba angepata la kusema. Mimi nilikuwa nataka akute nyumba imekwisha. Bi Pili alipokuwa ananiomba, upande mmoja wa moyo wangu ulikuwa unalia naye na upande wa pili unahesabu siku. Upande wa pili ndio uliojibu.

Na kuna hili linaloniuma zaidi, kwa sababu lilikuwa jepesi. Nyumba ya nne kutoka kwetu alikaa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu aliyesoma, mpole, kila jioni anapita anaitikia salamu za watoto. Hatukumuuliza. Si mimi, si Bi Pili, si wifi, wala mpangaji yeyote. Mambo ya eda tuliyajua mno. Tuliyasikia kwa bibi zetu tangu tunanyonya, kizuka hatoki, kizuka hahami, basi. Mtu haendi kuuliza jambo analolijua. Fundi Anselmi Mkristo wa watu naye aliyapokea kwetu vile vile, akayaheshimu kuliko sisi. Kila mmoja alimheshimu yule mama, na katika kumheshimu tukamwacha chini ya ukuta.

Chokaa nilipaka mwenyewe. Kwa kuwa mafundi hawaingii, Fundi Anselmi alinikorogea ndoo moja, akanipa brashi ya katani, akanionyesha mkono unavyokwenda. Nilifunga pua kwa kitambaa nikapaka kuta zote nne. Ule wa nyuma niliupaka mara mbili, na paliposhika doa la maji niliongeza ya tatu. Bi Pili alikuwa ananishikia ndoo. Tulipomaliza alirudi nyuma mpaka mlangoni, akatazama. "Kimekuwa kama chumba cha harusi," alisema, kisha akakumbuka hali yake, akajifunika mdomo. Mjomba alipokuja alizunguka nyumba nzima, vyumba vyote isipokuwa kile, akarudi barazani akakaa. "Kumbe mwanamume mwenyewe ni wewe," alisema. Sikuwahi kusifiwa hivyo kabla. Wiki nzima nilitembea Kivinje mabega juu.

Siku zilizofuata nilikuwa nampelekea Bi Pili chakula mwenyewe, kila mlo. Asubuhi chai ya mchaichai na vitumbua, mchana wali au muhogo wa nazi, na nilikaa naye mpaka amalize. Nilijiambia nampenda, na kweli nilimpenda. Lakini pia nilikuwa naenda kuutazama ukuta. Nakaa naye, namsikiliza anasimulia jinsi Mzee Athumani alivyomposa kwa baiskeli ya mtu mwingine, nacheka pale pa kucheka, na macho yangu yako chini ya kabati. Mara mbili nilimwambia asogeze kitanda. Mara ya kwanza alikataa, kwamba ndivyo kilivyokaa siku zote. Mara ya pili alinitazama sana, akasema, "Somoe, ukiogopa utanifanya na mimi niogope." Nikaacha.

Ulianguka mwezi wa saba mwishoni, saa nne asubuhi. Kulikuwa na ile mvua ndogo ya mchoo, ya baridi, isiyolowesha hata kanga, watu wanaendelea na kazi zao. Nilikuwa nimetoka kuchukua sahani kwake, niko uani naosha. Sikusikia kishindo kikubwa kama watu wanavyodhani. Nilisikia kitu kama gunia la chumvi linatuliwa chini, kisha vumbi likatoka kwa dirisha lake. Alikuwa amekaa kitandani kama kawaida yake, mgongo ukutani.

Wanaume waliingia. Wa kwanza alikuwa Fundi Anselmi, aliyekuwa barazani anapanga zana zake za kuondoka nazo, nyuma yake majirani, watu wanne, watano, sijui. Walifukua kwa mikono. Walimtoa amelowa udongo, kichwa wazi, nguo zimepanda, wakapita naye ukumbini mzima mpaka nje, mbele ya mtaa. Fundi Anselmi alivua shati akamfunika. Yote aliyoyaogopa siku thelathini na nne nyuma yalimpata, na zaidi. Nyonga na mguu wa kulia vilivunjika. Alikuwa amebakiza siku kumi na tisa, na alizimalizia wodini, kitanda cha katikati, wanaume na wanawake wanapita kuangalia wagonjwa wao. Mwalimu wa chuo alikwenda kumwona. Nilikuwepo. Alimwambia kwa upole kwamba eda yake haina doa, dharura inaruhusu, hata siku ya kwanza ya mvua angeruhusiwa kuhamia chumba chochote salama. "Mngeniuliza tu," alisema. Hakumsema mtu. Bi Pili alifumba macho. Mimi nilitoka nje nikasimama penye mabomba ya maji, na nilitamani mtu anipige.

Fundi Anselmi aliniuliza siku ile ile, jioni, ameshika kofia. "Uligonga, binti?" "Niligonga." "Ulilia vipi?" Hapo palikuwa na mlango wa mwisho wa kutokea, ulikuwa wazi, na mtu aliyeusimamia hakuwa na hasira. "Ulilia vizuri," nilisema. Akakubali. Mjomba alipokuja juu, Fundi alimjibu kwamba kosa ni lake, kumtuma msichana kazi ya fundi. Aliondoka kwenda kwao bila kuaga, na Kivinje hakurudi tena kufanya kazi. Nilikwenda hospitali mara tatu kwa jumla. Mara ya mwisho nilikuta Mwajuma amefika, binti yake Bi Pili, aliyeolewa Kiranjeranje, mwanamke mkubwa kidogo kuliko mimi, amechoka kwa safari. Nilitaka kusema kitu mbele yake. Nilifungua mdomo, na Bi Pili akaniwahi. "Nyamaza, Somoe. Yamepita." Nilidhani amenisamehe, nikanyamaza kwa shukrani. Wiki iliyofuata Mwajuma akamchukua mama yake, na mimi sikumwona tena.

Kwa hiyo juma lililopita nilishuka Kiranjeranje. Mazishi nilikuwa nimeyakosa. Nilifika siku ya hitima. Nilikaa na wanawake, nikala wali na maharage, nikaitikia dua. Watu walipopungua Mwajuma alikuja kukaa karibu yangu mkekani, ana mvi sasa, ananisugua mgongo kama mtu aliyempata ndugu.

"Dada Somoe, Mungu akulipe," alisema. "Mama hakuacha kukutaja. Siku zote alituambia, yule binti alinisihi nihame chumba kile, alilia, alinishika miguu, mimi nikakataa."

Nikamuuliza kama ndivyo alivyosema.

"Ndivyo. Miaka yote." Alicheka kidogo, cheko la uchovu. "Na mimi nilimsuta miaka yote. Unajua kuuguza, dada. Mguu ukimwanza usiku, nimetoka shambani, sijalala, namwambia, si ulijitakia mwenyewe? Si uliambiwa uhame? Watoto wangu nao walijifunza kwangu. Bibi mkaidi. Yeye ananyamaza tu."

Nilimwambia. Sikupanga maneno, na sikulia. Nilimwambia kama nilivyoandika hapa, mlio wa ukuta, kabati, tonge la Fundi Anselmi, mwezi wa nane wa Mjomba, chokaa mara tatu. Nilimwambia kwamba hakuna siku niliyomsihi mama yake ahame, na kwamba kama ningesema neno moja uani pale, angetolewa hata kwa nguvu, na angekufa anatembea. Mkono wake ulikuwa bado mgongoni mwangu. Aliuondoa polepole, akauweka mapajani, juu ya ule mwingine.

Msichana mmoja akaja kuuliza masufuria yarudishwe kwa nani, na Mwajuma akamjibu vizuri kabisa, hili la fulani, lile la fulani. Msichana alipoondoka, alisema bila kunitazama.

"Alhamisi, siku mbili kabla hajafa, aliniita. Akaniomba radhi. Mama, kuniomba radhi mimi. Kwamba amenisumbua umri wangu wote kwa ukaidi wake, nimsamehe." Akakunja upindo wa kanga yake, akaukunjua. "Na mimi nikamsamehe, dada Somoe. Nilimwambia, haya mama, nimekusamehe. Akasema ahsante."

Akainuka, akakusanya vyombo vilivyokuwa mbele yetu, na changu, akavipeleka uani. Nilimsubiri arudi. Baada ya muda alikuja mtoto, akaniambia mama amesema basi la Lindi linakaribia kupita.